Ekra ya Ka Ine

Pale Karuba, kijiji cha Kivu, mtu akitaka barua ya kupeleka ofisini, nakala ya cheti au picha ya kitambulisho, anakwenda kwa Kasoki. Kasoki alitoka upande wa Butembo akiwa ameolewa na dereva wa lori. Lori lilipochomwa barabarani, mume akarudia jembe, na Kasoki akafungua sekretaria: chumba kimoja cha mabati, paneli ya jua juu ya paa, kompyuta moja na mashine ya kuchapa. Shule aliiacha darasa la sita. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa vidole viwili, akitazama kila herufi kama mtu anayechambua mawe ndani ya maharagwe.

Asubuhi kompyuta ilikuwa ya barua. Saa nane mchana ilikuwa ya Consolée, binti yake wa miaka ishirini. Consolée alivuta benchi, akachomeka manette mbili, vile vishikio vya kuchezea, na vijana wa Karuba wakacheza mpira ndani ya kioo hadi jioni. Kasoki aliwapenda vijana wale kwa sababu moja: akisikia kelele zao, alijua hawako barabarani, ambako watu wenye silaha walikuwa wakitafuta vijana wa kubebeshwa mizigo.

Kazi yake ilikuwa na sheria isiyovunjwa. Karatasi haitoki mpaka mwenye jina aguse jina lake kwa kidole juu ya kioo na kulisoma herufi kwa herufi. Chifu aligusa, bibi asiyejua kusoma aligusa kupitia mjukuu wake.

Mwaka uliopita tu ndipo sheria ile ilipomshinda. Daftari la shule lilikuwa limefichwa parokiani tangu siku risasi zilipopigwa kijijini, na mkuu wa shule, Raphaël, alilipiga picha kwa simu ili Kasoki anakili majina ya wanafunzi wa mtihani wa serikali. Wanafunzi wenyewe walikuwa wamekimbilia Mpofi na kwingineko. Hapakuwa na kidole cha kugusa. Kwenye ekra, kioo kile cha zamani cha kompyuta, akiikuza picha mstari ulipotea. Akiipunguza, herufi ziligeuka matope. Msichana aitwaye Murekatete akaandikwa Munekatete. Siku ya mtihani alizuiwa mlangoni, kwa kuwa kadi yake ilisema jina moja na orodha ilisema lingine.

Baba yake, Hakorimana, mfugaji wa ng'ombe, hakumtukana Kasoki. Aliendelea kumsalimu kila asubuhi akipita na madumu ya maziwa. Salamu hiyo ilimchoma Kasoki kuliko tusi.

Sasa mwaka ulikuwa umezunguka. Murekatete alikuwa amerudia darasa, na orodha ilikuwa na majina arobaini na moja. Kumi na tisa kati yao walikuwa bado mbali. Raphaël alitaka karatasi Jumatano alfajiri, maana pikipiki ya kwenda Goma ingepita siku hiyo, na hakuna aliyejua kama barabara ingekuwa wazi Alhamisi. Jumatatu, ekra ya zamani ikatoa mstari mweusi katikati, ikanuka kuungua, ikazima.

Kasoki hakulia. Alimpigia simu Bienvenu, mfanyabiashara wa kwao Butembo mwenye duka Mushaki.

"Papa Bienvenu, uko na ekra?"

"Niko nazo tatu, Mama Consolée. Mbili za pouces, njo inchi, makumi tatu na mbili, kubwa kama mulango. Na moja ya ka ine."

"Ka ine? Ya kufanya nini? Mimi macho yangu iko ya mama muzima. Nataka kubwa."

"Lakini ka ine njo nzuri kwa..."

"Nimesema sitaki ka-kitu! Uniwekee kubwa, kesho nakuja."

Kwa Kasoki, kama kwa kila mtu wa Kivu, *ka* ni kitu kidogo: kamutoto, kanyumba, kambuzi. Ekra ya ka ine ilikuwa bila shaka kaekra, kadogo ka nne katika safu ya vidogo. Alikata simu akiwa na hakika ameepuka kudanganywa.

Jumanne asubuhi alilifunga sanduku la kompyuta kwa kitenge, akalibeba mgongoni kama mtoto mchanga, akapanda pikipiki nyuma ya Consolée.

"Mama, utachekesha watu. Papa Bienvenu iko na mashine yake ya kujaribia."

"Ekra haitaishi na mashine yake. Itaishi na yangu."

Dukani Bienvenu alikuwa amekwisha kuwasha kubwa ya kwanza. Uwanja wa kijani ulijaa ukutani, na vijana watatu waliokuja kununua vocha za simu wakapiga makofi. Kasoki alifungua kitenge, akaunganisha mashine yake, akafungua picha ya daftari la mwaka uliopita. Jina la kwanza alilolitafuta alikuwa analijua tayari. Alikaa umbali wa mkono mmoja, kama anavyokaa nyumbani.

"Consolée, soma ile ya tano."

"Mu... ne... katete."

"Bado," alisema Kasoki. "Ilete ya pili."

Ya pili ilikuwa ya mchezo hasa. Bienvenu alieleza kwamba inabadilisha picha mara mia moja na arobaini na nne kwa sekunde moja. Consolée alichomeka manette yake, golikipa akaruka laini kama paka, na macho ya binti yakang'aa.

"Mama, hii! Kwa ile yetu ya zamani golikipa alikuwa anaruka leo, mupira unafika kesho."

"Fungua picha."

Herufi zilikuwa kubwa, lakini zimevimba kama miguu ya mgonjwa.

"Munekatete," Consolée akasoma, sauti ikishuka. Naye alimjua Murekatete. Walichota maji pamoja.

Kasoki alizunguka nyuma ya meza. Kule pembeni kulikuwa na boksi moja, limefunikwa blanketi. Halikuwa dogo.

"Na ile?"

"Ile si uliikataa? Ka ine."

"Papa, ile si ka-kitu. Ile iko kubwa."

Bienvenu alimtazama kidogo, kisha akashika tumbo kwa kicheko. "Yesu Maria! Mama Consolée, hii *ka* si ya kamutoto! Ni K, herufi! Ine na K: nukta karibu elfu ine kwa upana. Zile kubwa ziko na nukta elfu mbili hazifiki, zimevutwa kama chikwangue ya muhogo ya kugawia watu wengi!"

Duka zima lilicheka. Kijana mmoja akasema, "Mama ameomba kaekra, wamupe na kakiti!"

"Cheka," Kasoki alimjibu, naye mwenyewe akicheka. "Siku utakuja kuandikisha barua ya ndoa, nitakuandika kabwana."

Bienvenu akaacha kucheka kwanza. "Shida iko moja. Ulipokataa, niliiahidi kwa mwenye baa ya hapo juu. Anakuja jioni."

Kasoki aliweka kiganja juu ya boksi.

"Wateja wake wanakaa wapi, na ekra inakaa wapi?"

"Ekra iko ukutani. Wateja... mita tano, sita."

"Kwa mita sita, nani ataona nukta? Kwa mita sita ukubwa njo unahesabika. Umupe ile ya mulango, atakushukuru. Mimi nakaa mkono mumoja na majina ya watoto wa watu. Fungua, tuone. Ikikataa, naenda zangu."

Bienvenu alikuna kichwa, akafungua boksi. Ekra ya inchi ishirini na saba iliwaka. Ukurasa mzima wa daftari ulitokea, mistari yote mahali pake, hata alama ya wino uliomwagika pembeni. Hakuna aliyeukuza.

"Wewe mwenyewe, Papa Bienvenu. Weka kidole, usome."

Mfanyabiashara aliinama. "Mu... re... katete." Akainua uso. "R. Iko na kamukia."

"Basi wewe pia sasa unajua *ka* yangu."

Lakini Kasoki hakuwa amemaliza. Alisogeza kipanya, akaona kinachechemea. Bienvenu akabadilisha waya kwa mwingine mnene, kikateleza. Kasoki akasoma watt nyuma ya kioo, akazilinganisha na paneli yake: ingetosha, taa ya pili ikizimwa. Mwisho akamgeukia binti yake.

"Na mupira wako?"

Consolée alijaribu. Mashine yao haikuweza kubeba nukta zote ndani ya mchezo, ikakwama. Akazipunguza nusu kwa upana na nusu kwa urefu, ikakimbia.

"Si laini kama ile ingine. Golikipa amevaa buti za matope."

"Lakini anafika?"

"Anafika." Consolée akachomoa manette. "Tuchukue hii, Mama. Vijana watanitukana siku mbili, kisha watazoea."

Walirudi Karuba na ekra katikati yao, imefungwa ndani ya godoro la sponji. Mchana ule hakuna aliyecheza. Vijana walikaa nje wakinung'unika, na Consolée akasoma kwa sauti majina ya mwaka huu kutoka picha mpya ya daftari huku mama yake akiyaandika. Kwenye jina la thelathini na mbili, la mtoto aliyekuwa Mpofi, Kasoki alisimamisha vidole. Siku zote yeye na Raphaël walikuwa wakimwita Nzabandona. Picha ilisema wazi: Nzabandora.

"Hata huyu," alinong'ona. "Hata huyu tungemuua jina."

Kabla jua halijazama Hakorimana alifika na Murekatete. Msichana aliweka kidole juu ya kioo kipya, akasoma herufi kumi bila kupumua, kisha akasoma tena. Hakorimana alitazama kidole kile hadi mwisho.

"Toa mukono sasa, mwanangu," Kasoki alisema. "Wale kumi na tisa wa mbali bado wanangoja kusomwa mara ya pili."

Jumatano alfajiri Raphaël aliondoka na karatasi ndani ya koti. Alhamisi barabara ilifungwa.

Siku ya mtihani simu ililia mchana, mchezo ukiwa umenoga. Kasoki aliinua mkono, na Consolée akasimamisha mpira hewani, mbele ya goli tupu. Vijana walilalamika. Kwenye simu alikuwa Raphaël, akipaza sauti kuushinda upepo.

"Arobaini na moja, Mama Consolée! Wameitwa wote, wameingia wote! Hata yule wa Mpofi!"

Kasoki alikata simu, akakaa kwenye benchi katikati ya vijana kwa mara ya kwanza.

"Endelea," alisema. "Nionyeshe huyo golikipa wa buti."