Koti Lililochanika Ndani ya Rekodi

Saa mbili na nusu asubuhi mwanamume wa miaka sitini na mbili amesimama katikati ya karakana ya ushonaji, tarumbeta mdomoni. Fundi yuko ubavuni mwake, futi ya kupimia mkononi, pini tatu zimebanwa kati ya midomo.

"Piga," fundi anasema kupitia pini.

"Nipige nini?"

"Unajua cha kupiga."

Hivi ndivyo mwanamke huyu wa miaka hamsini na nne anavyowapima wanamuziki: wakiwa kazini. Mafundi wengi humpima mteja mikono ikiwa imening'inia. Yeye humtaka apige, tena wimbo mmoja tu, ule wa zamani wa jazi ambao bendi za mjini hufungia maonyesho yao. Karakana nzima huuita "wa kufungia". Unaanza chini, unapanda taratibu, na mwisho wake hauna huruma na kwapa.

"Kila mmoja ana namna yake ya kuupiga," anasema. "Nami nashonea namna hiyo, sishonei kimo."

Kwa hiyo amesikia matoleo mengi bila kulipa kiingilio. Mpiga tromboni, ala yenye bomba la kusukumwa mbele, ilibidi afunguliwe mlango. Mkono wake ukatokea barazani ukamgusa mpita njia begani. Mpiga besi aliupiga polepole hata wifi yake fundi, anayeshona vifungo dirishani, akasinzia. Fundi analiweka toleo hilo mbele ya yote yaliyopigwa humo ndani.

"Wifi huyu hasinzii hata msibani," anasema.

"Nilifumba macho nisione ulivyomkata mabega," wifi anajibu bila kuinua uso.

Matoleo ya rekodi yamo kwenye flashi iliyochomekwa redioni. La piano tupu ni la kushonea bitana kwa mkono. Wakati wa pasi huwekwa la mwimbaji wa kike anayechelewa kidogo kila mstari, kama mtu anayejua atasubiriwa. La tatu halina kazi maalumu. Huliweka, hukaa, husikiliza.

Lilirekodiwa ukumbini mbele ya watu miaka kumi na moja iliyopita. Karibu na mwisho bendi nzima inanyamaza na tarumbeta inapanda peke yake. Sauti inafika juu kabisa, na hapo, karibu na kipaza sauti, inasikika: chraa!

Ni mshono wa kwapa la kulia la koti ukichanika. Koti alilishona yeye. Mpigaji ni huyu aliyesimama mbele yake leo, ambaye wenzake humwita Jogoo.

"Nilimpima amesimama kama askari wa lindo," fundi anasema. "Nikamshonea koti la kusimama."

Rekodi iliuzwa hivyo hivyo, kwa kuwa bendi haikuwahi kuupiga vizuri kuliko siku hiyo. Redio zikaipiga, watu wakacheka, naye fundi akapewa jina: Mama Chraa. Suti zikashuka kutoka ishirini hivi kwa mwezi hadi sita. Aliuza cherehani moja kati ya tatu.

Hakuhama mtaa. Alichukua makoti makuukuu, akayafumua makwapa, akajifunza kutia kipande cha pembe nne kinachofunguka mkono ukipanda na kujificha ukishuka. Mpiga saksafoni mmoja alikuja kumtania, akaondoka ameagiza koti. Leo bendi nne huvaa kazi yake, na juu ya mlango pameandikwa kwa rangi nyekundu: MAMA CHRAA, SUTI ZA WANAMUZIKI. Rangi aliinunua mwenyewe.

Jogoo peke yake hakurudi. Fundi alikuwa akienda kumsikiliza, akisimama nyuma ya ukumbi, na huko aligundua jambo. Jogoo hakupanda tena. Wimbo ule aliumalizia chini, viwiko vimebana mbavu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Watu walisema ni umri," fundi anasema. "Mimi nilitazama viwiko."

Asubuhi hii pia Jogoo anaumalizia chini. Fundi anatoa pini mdomoni.

"Siyo hiyo, kaka."

"Ndiyo ninayopiga siku hizi."

"Nipe ile ya juu."

"Mbavu hizi zimezeeka, fundi."

"Nimekuuliza mbavu? Nipe kiwiko."

"Mpe tu, kaka," wifi anadakia. "Shati likichanika si letu."

Jogoo anacheka, anavuta pumzi, anainua. Sauti inapanda, inakwaruza, inakatika. Lakini futi imeshasoma: inchi mbili na nusu zaidi ya mkono ulioshuka.

Bendi itaurekodi upya wimbo huo Jumamosi alasiri, katika ukumbi uleule. Jogoo anasema kilichomrudisha hapa ni mjukuu wake.

"Aliniuliza, babu, mbona redioni unafika na ukumbini hufiki?"

Fundi ana mpango wa kukodi chumba cha jirani na kuvunja ukuta, ili wapiga tromboni wanyooshe mkono bila kugusa watu wa watu. Hilo litasubiri. Kwanza koti.

Analikata siku hiyohiyo, kitambaa cha kijivu, na makwapa anayashona kwa mkono. Ijumaa Jogoo analijaribu. Hapigi. Analikunja kwenye mkono na kwenda zake.

Jumamosi fundi na wifi yake wamekaa safu ya tatu. Wimbo unapofika mwishoni, bendi inanyamaza. Jogoo amesimama, viwiko chini. Kisha kiwiko cha kulia kinaondoka ubavuni, kinapanda, na tarumbeta inapanda nacho mpaka juu kabisa. Inakaa huko. Inaposhuka, koti ni zima.

Jumanne rekodi inaletwa karakanani. Sauti ya mwisho ni ndefu kuliko ile ya zamani, na nguo haisikiki hata kidogo. Lakini kabla ya makofi, katika ule ukimya, kuna mwanamke anapiga kelele: "Limeshika!"

Fundi anasema ni wifi yake. Wifi anasema ni fundi. Waliokaa safu ya nne wanasema ni fundi, tena alikuwa amesimama juu ya kiti.

Bendi imeamua sauti hiyo ibaki.