Mto Umepungua?

Uvimbe wangu ulikaa kisogoni, upande wa kushoto, chini kidogo ya nywele zinapoishia. Ni hapo hapo utepe wa kupimia hulala nikiwa kazini. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, na kwa miaka miwili nilijidanganya kwamba ni utepe unanisugua. Ulianza kama punje ya njegere. Ulipokaribia limau nikaenda hospitali. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, akaubonyezabonyeza, akasema ni jambo dogo: sindano ya ganzi, nusu saa, narudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ila nyama itakayotoka lazima ipelekwe maabara, tujue ni kitu gani.

Dogo kwake. Bibi yangu mzaa mama alikufa kwa uvimbe wa kisogoni. Alikufa kabla sijazaliwa, na nilipozaliwa wakanipa jina lake.

Kwetu Uluguru mtu ni wa upande wa mama, kwa hiyo nisingeweza kwenda kuchanwa bila kumwarifu mjomba. Mama alishatangulia mbele ya haki, na huyu mdogo wake ndiye aliyebaki. Anaishi juu milimani, kupita Mlali, analima kabichi na njegere kwenye matuta ambayo mimi nikiyapanda nahema njia nzima. Hajawahi kuniita kwa jina langu hata siku moja. Ananiita mama. Aliyerithi jina la marehemu huitwa kama marehemu alivyoitwa, na wengi hufanya hivyo kwa utani tu. Mjomba hatanii. Nilipokuwa mtoto alikuwa akiniamkia shikamoo mbele za watu, mwanamume mzima na ndevu zake, naitikia marahaba na watu wanacheka. Nilipokua nikaona aibu, kisha nikaona hasira. Mimi si mama yake. Mama yake amelala kwenye kaburi lenye msalaba wa mti, na mimi niko hai. Tangu hapo nikimwona namwahi na shikamoo yangu, na yeye akinitangulia siitikii.

Nilimpigia simu. Nikamwambia nina uvimbe, unatolewa Alhamisi.

"Kisogoni," akasema. "Kushoto."

Sikuwa nimemwambia ni wapi.

Alhamisi asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, alikuwa mlangoni kwangu, viatu vimejaa tope, rozari shingoni, mkononi mfuko wa njegere mbichi.

"Shikamoo, mama. Safari hii nimewahi."

Nikamwambia avue viatu, nimeshadeki.

Hospitali nesi alinipima presha, akaniuliza kama kuna dawa inayonidhuru, akanipa fomu nisaini. Halafu akamgeukia mjomba amwandike kama ndugu wa karibu.

"Mzee, wewe ni nani wake?"

"Mwanawe."

Nesi akamtazama yule mzee wa miaka sabini, akanitazama mimi wa hamsini, kalamu imesimama hewani. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, masikini, desturi zetu zimemkuta kazini.

"Andika mjomba," nikasema kwa ukali. Akaandika. Nilipogeuka kuingia ndani, nikamsikia mjomba akirudia taratibu, kama anayesahihisha: mwanawe.

Walinilaza kifudifudi. Wakaninyoa kipande cha nywele, wakapaka dawa ya baridi, wakanifunika kichwa kwa kitambaa kilichoachwa tundu penye uvimbe. Sindano iliuma, ikauma tena pembeni, kisha kisogo changu kikaondoka. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nilijua daktari ananikata, nilisikia mvuto na msukumo, lakini ilikuwa kama anamkata mtu mwingine aliyelala juu ya mgongo wangu, na uzito wake ndio niliousikia. Mtu mzito, mtulivu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikauma shuka ili nisipige kelele, na sikuliachia mpaka mwisho. Kulikuwa na mlio wa maji, maji mengi yanayokwenda kasi, nikadhani wameacha bomba wazi. Mwishoni nikasikia uzi ukipita kwenye ngozi. Huo naujua. Nilihesabu mishono mitano, nikaona wa tatu kaukaza mno.

Nilipoketi, daktari alinionyesha kichupa. Kitu cheupe, kinene, kinaelea. Nesi alikuwa ananawa mikono kwa maji ya kopo kutoka kwenye ndoo. Bomba, akasema, halijatoa maji tangu jana.

Akanishika mkono kunitoa nje, akamwambia mjomba kwa furaha: "Mzee, mgonjwa wako jasiri. Hakulalamika hata kidogo. Ametuuliza tu, mara tatu nzima, mto umepungua? Tukamwambia umepungua, atulie."

"Sikusema kitu," nikamwambia. "Nilikuwa nimeuma shuka."

"Ulisema, mama," nesi akasisitiza. "Hata daktari alijibu."

Mjomba alikuwa amesimama. Akakaa, na hakukaa kwenye benchi, alikaa sakafuni, miguu imenyooka mbele yake, watu wakawa wanamruka. Ilibidi mimi mgonjwa nimwinue.

Alibaki kwangu siku kumi. Alinipikia uji, akanisomea maandishi ya kwenye bahasha za dawa, akahakikisha kidonda hakiguswi na maji. Ganzi ilitoka jioni ile ile na maumivu yakaja, nikayakaribisha, maana yalikuwa yangu. Ila pale katikati, kati ya mshono wa pili na wa tatu, hapakuamka. Nikigusa, kidole kinahisi ngozi, ngozi haihisi kidole. Mchana nililala kwa ubavu, na kila nikifumbua macho nilimkuta mjomba ameketi mlangoni anatazama milima, wingu limeifunika hadi kiunoni, rozari mkononi haisogei. Wala hakuniita mama. Hakuniita chochote. Mimi niliyepigania hilo miaka yote, sasa kimya chake kilinitia hofu kuliko majibu ya maabara.

Siku ya kumi tulirudi hospitali. Nesi akatoa nyuzi, daktari akasoma karatasi: si saratani, ni uvimbe wa kawaida, hatari yake ni kuingia usaha ukiachwa. Nililia kwa furaha, bila haya. Tukatoka nje tukakaa kwenye benchi chini ya ukuta, na mjomba akaanza kusema huku anatazama viatu vyake.

Uvimbe wa bibi uliingia usaha. Homa ikampanda. Mama yangu alikuwa ameshaolewa kwingine, nyumbani walikuwa wawili tu, bibi na huyu mwanawe wa miaka kumi na tisa. Bibi alimtuma akatafute watu wa kumbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni, chini, ng'ambo ya mto. Akatoka. Njiani akasikia ngoma. Akakesha huko. Aliporudi alimwambia mama yake mto umejaa, haupitiki, wasubiri. Na kwa kuwa alishasema hivyo, aliona aibu kusema vingine kesho yake, na kesho kutwa.

"Kila nikiingia ananiuliza, mto umepungua? Mara tatu aliniuliza, siku tatu. Ya nne hakuuliza. Mto haukuwa umejaa. Ulikuwa wa kuvuka kwa mguu. Sijamwambia mtu, hata padri. Wewe umejuaje?"

Sikujua. Kama kuna aliyenidokeza nikiwa mdogo, simkumbuki. Ningeweza kumwambia hivyo, na ningeweza kumkasirikia, maana hasira ilikuwepo, tena nyingi. Ni bibi yangu aliyekufa akisubiri maji yapungue kwenye mto usiojaa. Lakini nilimtazama mzee yule, mikono yake ya jembe imekunjwa mapajani, nikaona kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hajavuka bado.

"Nisalimie," nikasema.

Akainua uso. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikasikia pale kisogoni, kati ya mshono wa pili na wa tatu, pakipata joto. "Mto ulikuwa umejaa. Nilikuwa nausikia."