Siku Niliyoziba Pua Mbele ya Mursik

Chekeni tu, maanake najua stori mmeshaisikia, na ile inayozunguka hapa kiwandani ati nilitapika kwa wakwe ni uongo mtupu (sikutapika, ilitokea puani, na hiyo ni tofauti kubwa sana, muulizeni daktari yeyote). Aibu nilipata, sikatai. Lakini kosa ni la Barasa.

Barasa ni binamu yangu, anasoma mambo ya akili za watu huko Chuo cha Kabianga, na mimi kwa ujinga wangu nikamwambia kitu kilichokuwa kinanisumbua. Kabla ya kwenda kumposa Chebet kwao, nilikuwa naota ndoto moja hiyo hiyo: nimeketi mbele ya wazee wao, nimevaa shati na gambuti, na hapo katikati sina suruali. Mtu mwingine angeniambia niombe Mungu nilale. Barasa akasema, "Bro, hiyo ndoto unaweza kuiendesha mwenyewe. Mchana kutwa jizoeshe kujiuliza kama unaota. Funga mdomo, ziba pua, halafu jaribu kupumua. Ukiwa macho, pumzi haipiti. Ukiwa ndotoni inapita, hapo unajua ni ndoto, unajivalisha suruali unaendelea."

Nikafanya. Si mnakumbuka pale juu tunaponyausha majani ya chai, supavaisa ananipita na mimi nimeziba pua, akadhani namwambia ananuka? (Alinibadilishia shifti, na hiyo pia namdai Barasa.) Niliziba pua kwa kinyozi, niliziba pua kanisani, mpaka ikawa mkono unapanda wenyewe. "Na ukiona kitu kinafanana na ile ndoto," Barasa akanisisitizia, "hapo ndiyo usikose kabisa."

Usikose! Ngojeni sasa.

Siku ya kuposa tukafika kwao Sosiot, mimi, senge Nekesa, yaani shangazi yangu aliyekuwa msemaji wetu, na Barasa. Na mjue hapo mambo yalikuwa magumu tayari. Mjomba wake Chebet, mzee Koech, hakutaka binti yao aolewe na Mluhya kama mimi, alikuwa amesema wazi kwamba sisi tukipewa mursik tunakunja uso. Na mursik kwao si maziwa ya kugandisha hivi hivi tu, mama anaisugulia kibuyu mkaa, anaitunza, na akikumiminia amekuheshimu. Chebet akanionya kabisa: "Wekesa, ukikataa mursik ya mama umenikataa mimi." Nikacheka. Mimi nimezaliwa hapa hapa kwa majani chai, mursik nimekunywa tangu sijajua kutembea, naipenda kuliko hata wenyewe!

Basi tumeketi, wazee wamejipanga ukutani, mama yake Chebet anakuja na kibuyu, ananimiminia kikombe akitabasamu. Nikaangalia wale wazee. Nikajiambia, lakini hii si ndiyo ile ndoto kabisa? Na kabla sijamaliza kufikiri, mkono huo ukapanda, nikaziba pua. Kikombe kiko hapa, mama yuko hapa, na mimi nimebana pua na kuinama kuangalia kama nina suruali.

"Uuwi," senge akasema.

"Anasikia harufu," mzee Koech akawaambia wenzake, polepole, akifurahia. "Si niliwaambia? Anasikia harufu."

"Hapana mzee! Nilikuwa naangalia kama naota!"

"Kumbe sisi ni jinamizi?" mzee akauliza.

Nikamgeukia Barasa anitetee, na msomi mzima anaangalia mabati ya dari! Haki nilikasirika mpaka nikataka kuwaonyesha wote, nikanyakua kikombe nikakigugumia chote mara moja, na kwa hasira nikasahau kwamba mkono mwingine bado umebana pua. Ikanipalia. Nikaachilia pua ili nipumue, na mursik ikatokea hapo, na vijivu vyake vyeusi vya mkaa, moja kwa moja kwa koti la mzee Koech, lile la Jumapili.

Hakuna aliyecheka. Mama alichukua kibuyu chake akarudi nacho jikoni, na hiyo ndiyo iliniuma. Mzee Koech akajipangusa. "Nendeni," akasema. "Kijana akiamka mtamrudisha."

Chebet akaacha kushika simu zangu. Na niwaulize, kuna mahali nilisema inanuka? Kuna mtu aliniuliza kwa upole, Wekesa, una shida gani na pua? Hakuna! Barasa naye ananitumia ujumbe kuuliza kama ile ndoto imeisha.

Senge ndiye aliyeniokoa. Alirudi peke yake akakaa na mama jikoni, sijui waliongea nini, akaja na jibu: mama anaandaa kibuyu kingine, na nije aone hiyo pua kwa macho yake.

Nikaenda. Mkono wa kushoto nimeukalia, wa kulia umeshika kikombe, na nyumba nzima inaangalia pua yangu. Nzi akatua hapo. Aki ya nani, nzi! Akatembea akaenda akarudi, nami sikusogea, nikanywa polepole mpaka chini, nikasema, "Mama, niongeze." Mama akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. Mzee Koech akaangalia koti lake, akaangalia dada yake anavyocheka, akasema, "Haya, mpeni."

Wanawake wakaelewa si mursik tu nimepewa, wakapiga vigelegele, na hapo ndipo nilikasirika kabisa, kwa sababu maishani mwangu mara ya pekee niliyokuwa na shaka ya kweli kama naota ni hiyo, na siwezi kushika pua! Chebet akapita nyuma yangu na vikombe. Akaninyonga sikio kwa nguvu. "Uko macho," akasema.

Iliuma mpaka tulipofika nyumbani. Tangu siku hiyo pua yangu siizibi, hata nikipita nyuma ya choo cha soko wakati wa mvua. Nikiwa na shaka, namgeuzia Chebet sikio.