Mfupa wa Mtu Tusiyemjua

Daktari aliponieleza kwamba atanitia mfupa wa marehemu kwenye kidole gumba cha mguu, niliangua kicheko papo hapo, na mama yangu akashika kichwa. Kiungo cha bandia nilichowekewa mara ya kwanza kilikuwa kimelegea, kikaula mfupa hadi pakabaki shimo. Sasa kingetolewa, na pengo lizibwe kwa mfupa wa mtu aliyekubali utolewe akifa, ukiwa umesafishwa na kukaushwa, kisha ufungwe kwa bamba na skrubu mpaka ushikane na wangu. Usiposhikana, alisema, ningechechemea maisha yangu yote. Mimi huchuma chai huko Nyamira, kwenye mteremko mkali usiotaka mtu wa kuchechemea. Nilicheka kwa sababu niliogopa sana.

Mama hakuuliza kama nitapona. Aliuliza marehemu ni wa wapi, na daktari akasema hajulikani, huenda ni wa ng'ambo. Akauliza kama alizikwa. Alizikwa bila shaka, daktari akamjibu.

"Bila mfupa wake," mama akasema.

Niliporudi nyumbani na magongo yangu, kumbe mama alikuwa ametangaza msiba. Kwetu hakuna anayeshika jembe wakati jirani kuna maiti ambayo haijazikwa, na kwa maoni ya mama, maiti ilikuwa sebuleni, mguuni mwangu. Akina mama wa kanisani wakaja na unga, sukari na ndizi. Mmoja alinipa pole ya mguu, mwingine pole ya kufiwa, nami nikazipokea zote. Walitaka kumtaja marehemu kwenye maombi, lakini jina hatukuwa nalo. Wakabishana kama alikuwa mwanamume au mwanamke, na kama alikuwa Msabato, maana sasa angeingia kanisani kila Jumamosi, apende asipende. Hapo mwenye kuongoza maombi alishindwa kujizuia, akacheka macho yakiwa yamefumbwa, na sebule nzima ikalipuka. Kisha wakaimba kwa Ekegusii, wakamlilia kweli, na mimi nikalia nao huku mbavu bado zikiniuma kwa kicheko. Asubuhi mama akachukua jembe. Alisema tumemzika.

Ikabaki kungoja. Nilikatazwa kuukanyagia mguu, nikawa mtu wa kukaa kitini na kuona chai ikichumwa na wengine. Mama alikuwa akiusalimia mguu kwanza, "Bwakire," halafu ndipo anigeukie mimi kuniuliza nimeamkaje. Niliona wivu kidogo.

Siku ya kupigwa picha ya eksirei tulikwenda Kisii pamoja. Mama alimwomba daktari amwonyeshe pale mgeni anapoanzia. Daktari alizungusha kalamu yake juu ya picha, akasita, akasema hawezi tena kuonyesha, mifupa imeshikana. Akaniambia nikanyage. Nikakanyaga. Nikatembea hadi mlangoni, nikarudi, nikaenda tena, nikicheka hadi muuguzi akachungulia kuona kuna nini.

Nilimgeukia mama ili tucheke pamoja, nikamkuta anajifuta machozi kwa leso. Nikamuuliza analia nini na mimi nimepona.

"Kuna mama mahali," akasema, "amemlilia mtoto wake mpaka amechoka. Na hajui kwamba leo ametembea."