Jumuiya Iliyomruka Tadeo

Mimi ni mlokole, tena wa kupiga makofi, kwa hiyo mambo ya jumuiya za Wakatoliki hayanihusu. Lakini uzio kati yangu na Tadeo ni wa minyaa tu, na minyaa haizuii macho wala masikio. Kwa miaka miwili niliona jinsi majirani zetu hapa Nangara walivyokuwa wakimruka, na iliniudhi utadhani ni mimi niliyerukwa.

Utaratibu wao ni rahisi. Kila Jumamosi asubuhi watu wa jumuiya hukutana kusali, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa jirani anayefuata, mpaka mzunguko uishe. Ikitoka kwa fundi cherehani ilitakiwa iingie kwa Tadeo, halafu kwa Clemence, mwenyekiti wao. Ilikuwa inatoka kwa fundi cherehani na kwenda moja kwa moja kwa Clemence. Tadeo alihudhuria kwa wengine kila wiki, anakaa nyuma, anaitikia, anatoa sadaka yake. Akiuliza zamu yake ni lini, Clemence anamjibu, "Tutafika tu, Baba Clara, vuta subira." Haya, vuta.

Sababu ilijulikana mtaa mzima. Tadeo alikuwa na shamba la mahindi kule Maisaka, limepakana na la Xaveri. Siku moja walibishana juu ya mpaka, Tadeo akiwa amelewa, akamkata mwenzake panga la mkono. Mahakamani hakukataa. Alifungwa miaka mitano, akajifunza useremala gerezani, akarudi ameacha pombe na kuongea kwake kumepungua. Xaveri naye ni wa jumuiya hiyo hiyo, na Tadeo alipotoka yeye aliacha kwenda. Watu wakaona kwamba wakisali kwa Tadeo watakuwa wamemtupa Xaveri kabisa. Sisemi kwamba hawakuwa na hoja. Ila mtu alikuwa amemaliza kifungo, na pale mtaani ikawa bado anatumikia kingine ambacho hakuna aliyemwambia kitaisha lini. Mke wake alifagia uwanja kila Ijumaa jioni hata hivyo.

Mwaka jana akaja Leonia. Ni mhadhiri wa chuo kikuu, alikuwa anafanya utafiti kuhusu waliotoka gerezani, jinsi wanavyopokelewa huku mitaani. Dada mpole, maswali mengi, hachoki kutembea na vumbi letu. Alimhoji bodaboda aliyefungwa kwa wizi, akamhoji mama aliyefungwa kwa gongo, na wengine. Alipomuuliza Tadeo kitu gani kimemwia kigumu kuliko vyote tangu atoke, nadhani alitegemea kusikia habari za polisi au za kukosa kazi.

"Hawaji kusali kwangu," Tadeo akasema.

Leonia akamuuliza tena, kuhakikisha kama amemsikia vizuri.

Baadaye akataka kuwakutanisha wale aliowahoji ili wazungumze pamoja. Tadeo akasema waje kwake, kwa kuwa mabenchi anayo ya kutosha, ni kazi yake. Leonia akapanga Jumamosi saa moja asubuhi ili watu wawahi vibarua vyao. Yeye ni mgeni, hakujua kwamba saa hiyo ni ya jumuiya. Tadeo alijua fika. Nafikiri alikubali kwa sababu alitaka uwanja wake uwe na watu saa hiyo, hata kama si wale aliowangoja. Mimi nikapewa kazi ya chai na maandazi.

Basi Jumamosi ikafika, watu wakakaa. Leonia akasimama na karatasi, akaanza kuwasomea maelezo ya utafiti: kwamba kila mtu yuko huru kukataa, kwamba majina yao hayatatajwa popote. Wengine wameinamisha vichwa, wanasikiliza kimya. Hapo akaingia bibi mmoja wa kitenge, rozari mkononi. Alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, akitokea Dareda, na asubuhi hiyo alielekezwa jumuiya iliyokuwa kwa Clemence, nyumba inayofuata. Kaona mabenchi, kaona watu wameinama na mmoja amesimama anasoma. Jumamosi asubuhi, Nangara. Hata mimi ningeingia.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

Watatu wanne wakaitikia kwa mazoea. Leonia akadhani ni mwalikwa wa Tadeo, akamwamkia na kumpisha. "Karibu mama, jisikie huru, hapa wote wamepitia mengi." Bibi akakaa pembeni ya yule mama wa gongo na kuanza kuhesabu punje za rozari yake.

Tadeo alikuwa anatoa benchi la mwisho ndani. Alipomwona akalitua palepale mlangoni. Hawakuwahi kuzungumza, lakini alimkumbuka kutoka mahakamani, alivyokaa upande wa pili siku ya hukumu. Akanitazama mimi, kana kwamba nina la kufanya. Angeweza kumwelekeza bibi wa watu kwa Clemence kwa heshima zote, mambo yakaishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, jumuiya iko nyumba inayofuata. Hapa ni kwangu. Mimi ndiye Tadeo."

Vidole vikasimama kwenye rozari. Yule alikuwa Skolastika, mama mzazi wa Xaveri. Leonia hakumjua, lakini aliona kuna jambo, akainama akazima kinasa sauti chake. Nilimpenda kwa hilo.

Nilitegemea kilio, au laana. Skolastika hakuinuka hata kwenye benchi. Aliuliza taratibu, kwa Kiswahili chake cha watu wazima wa kule juu.

"Wewe ulitoka lini?"

"Huu mwaka wa pili, mama."

"Na nyumba ya Xaveri, unajua?"

"Naijua."

"Kwa nini hukuja?"

"Mahakama ilinihukumu, mama. Nilifungwa, nikamaliza."

"Ulimaliza na serikali," Skolastika akasema. "Serikali haikukatwa. Alikatwa mwanangu. Yeye hajasikia neno lako. Mimi pia sijasikia."

Chai ilikuwa inapoa na hakuna aliyeigusa. Tadeo akapiga magoti kabisa. Hakutaja pombe, hakutaja mpaka wa shamba. Alisema, "Nilimkata Xaveri. Hakunifanyia kitu cha kustahili vile. Nilipotoka niliogopa kuja kwenu, nikajificha nyuma ya kifungo changu. Nisameheni." Alilia, na mimi nililia, sioni haya kusema.

"Sasa nimesikia," Skolastika akasema. "Kusamehe siyo kazi yangu peke yangu. Nitamwambia." Kisha akaomba chai. Akanywa, akaniambia maandazi yangu yana sukari nyingi mno, akaenda kwa Clemence amechelewa.

Leonia alisikitika. Aliniambia amesoma vitabu vingi vya mambo ya haki na hajawahi kusikia swali lililomgusa kama lile la kwa nini hukuja, lakini hawezi kuliandika kwa sababu yule bibi hakutoa ridhaa. Mimi sidaiwi ridhaa na chuo chochote, ndiyo maana nawasimulia.

Huko kwa Clemence, nilivyosikia, sala ilipoisha Skolastika aliuliza wiki ijayo ni kwa nani. Clemence akataja nyumba iliyofuata baada yake. "Kuna moja mmeruka," bibi akasema. "Nimetoka huko, nimekunywa chai." Clemence akaanza habari zake za kwamba ni lazima tumfikirie Xaveri. Skolastika akamuuliza kama anajua anaongea na mama wa nani. Basi, mjadala ukafungwa.

Jumamosi iliyofuata wakaja, uwanja ukajaa. Mimi nilikuwa upande wangu nafua nguo zisizo na uchafu. Skolastika ndiye aliyeongoza rozari. Katikati ya kuitikia nikasikia sauti ya mwanamume ikitokea barabarani, nje ya uzio. Alikuwa Xaveri. Haingii, haondoki, anaitikia. Wote walimsikia na hakuna aliyegeuka, ila Tadeo alipotewa na maneno mpaka mke wake akamgusa.

Walipomaliza, Tadeo akajaza kikombe cha chai na kutoka nacho hadi barabarani. Walisimama karibu yangu kabisa.

"Xaveri, ndugu yangu, nilikukosea," akasema, akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili.

Xaveri alikitazama kile kikombe. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala ubavuni, tangu siku ya panga haushiki kitu. Akanyoosha wa kushoto, akapokea.

"Samahani," akasema kwa adabu, kama anavyomwambia kila mtu siku hizi, "napokea kwa kushoto."