Kamba Iliyokuwa Kavu

Usami Katsuhiko alikuwa fundi wa tatami, ile mikeka minene ya sakafuni, na duka lake lilitazamana na langu katika mtaa wa maduka wa mji wetu, huko milimani Gunma, Japani. Mikono yake ilikuwa mikubwa kupita mwili. Kubeba na kushona tatami kulimpa vidole vya chuma, na vidole hivyo ndivyo vilivyomtia wazo la kwenda kushindana kwenye televisheni, katika yale mashindano ya vizuizi ambayo mtaa mzima tuliyatazama kila mwaka.

Kizuizi kilichowamaliza wengi kiliitwa Furiko, yaani kitu kinachobembea kwa Kijapani. Ni kamba nene inayoning'inia juu ya dimbwi la matope. Unairukia, unabembea nayo, na ikipanda upande wa pili unaiachia ili utue jukwaani. Ukiachia mapema, matopeni. Ukichelewa, kamba inakurudisha ulikotoka, kisha matopeni vilevile.

Katsuhiko alijijengea Furiko yake nyuma ya duka. Hanyuda, muuza pombe aliyekuwa pia mwenyekiti wa mtaa, alileta nguzo, sisi wengine tukachimba mashimo. Asubuhi ungemsikia mkewe, Chizuru, akipiga kelele: "Bado! Bado! Haya achia, baba, unangoja nini?" Naye anaruka na kutua kwenye magodoro makuukuu, anacheka kama mtoto.

Alipoitwa mashindanoni, tulikodi basi zima. Hanyuda alishonesha bango la kitambaa lenye jina lake kwa herufi nyekundu, refu kiasi kwamba lilishikwa na watu wanne.

Pale uwanjani, kila mshindani alipomaliza, mama mmoja aliyevaa koti la mvua la bluu alipanda ngazi akaifuta kamba kwa taulo, toka juu mpaka chini. Hatukumtilia maanani. Baadaye ndipo tulijua anaitwa Bi Orihara.

Katsuhiko alianza vizuri. Alivuka ngazi za mteremko kama paka. Akairukia Furiko, akaikamata, ikamchukua. Kabla haijaanza hata kupanda, tukasikia chubwi! Hanyuda alikuwa bado hajamaliza kuliita jina lake.

Katsuhiko akatoka, matope yakimchuruzika masikioni, na mtangazaji akamfuata na kipaza sauti. "Bwana Usami! Imekuwaje tena?"

Katsuhiko akalitazama bango letu. Kisha akasema, "Kamba ilikuwa imelowa. Haikufutwa."

Kamera ikageuka. Bi Orihara alikuwa chini ya ngazi, taulo mkononi. Aliitazama kamba, akalitazama taulo, kisha akainama mpaka kiunoni na kubaki hivyo. "Naomba radhi sana. Ni uzembe wangu."

"Sasa taulo la nini, mama? La kujipangusia jasho?" Hanyuda akapaza sauti, na jukwaa letu zima likaangua kicheko.

Kipindi kiliporushwa, tulikitazama dukani kwa Hanyuda. Wengi walioanguka walikatwa kwenye filamu, ila Katsuhiko alibakizwa, na yule mama aliyeinama akaonyeshwa kwa karibu, tena na tena, na mlio wa kuchekesha ukiwekwa juu yake. Mara ya pili tu, Katsuhiko akaenda chooni. Hakutoka mpaka kipindi kikaisha.

Tangu hapo kila aliyekutana naye alimfariji. "Ungepita, jirani! Ni yule mama tu." Yeye anatabasamu, masikio yanakuwa mekundu. Aliacha mazoezi. Mizigo yake akaanza kuipitishia uchochoroni ili asipite mbele ya duka la Hanyuda. Tulidhani ni uchungu wa kushindwa.

Kumbe kamba ilikuwa kavu. Ilipomchukua aliyaona matope yakimpita chini, hofu ikamshika, na vidole vikafunguka vyenyewe. Basi. Hapakuwa na kingine.

Chizuru ndiye aliyeambiwa kwanza, wakinywa supu asubuhi. Mke alikuwa anamweleza kwamba mtaa unataka kumchangia arudi tena mashindanoni.

"Ilikuwa kavu," Katsuhiko akasema.

"Nini kavu?"

"Kamba."

Chizuru akaweka bakuli chini. "Na yule mama wa watu?"

Katsuhiko akainamia bakuli lake.

"Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

Aliulizia mpaka akampata. Bi Orihara hakuitwa tena uwanjani tangu siku ile, na sasa alikuwa akisafisha kwenye nyumba ya kuogea ya maji moto, mji wa jirani. Katsuhiko alivaa suti, akachukua boksi la vitumbua vya maharage matamu, akamkuta amepiga magoti anasugua sakafu. Na yeye akapiga magoti palepale kwenye maji, paji la uso likagusa vigae, akamwambia yote.

Mama yule akaacha kusugua.

"Kwa hiyo niliifuta," akasema.

"Uliifuta, mama."

"Mimi nilijua nimeifuta. Halafu nikawa sijui tena. Hapa nikimaliza kusugua narudi kuangalia, nikiangalia narudi tena. Mkwe wangu ananiita Bibi Taulo mbele ya wajukuu, na mimi nacheka nao, kwa sababu nilidhani ni kweli. Mbona hukusema umeogopa? Nani angekuua?"

"Niliona aibu."

"Ukaona uniachie mimi." Akalisukuma boksi kando. "Ondoa hivi. Hukuniambia mimi pale, uliwaambia watu. Nenda kawaambie watu."

Katsuhiko akapiga simu kwenye kipindi, wakamjibu kwa adabu kwamba mashindano ya mwaka huo yalikwisha. Basi akaja kwenye mkutano wa mtaa, tulipokuwa tukipanga mapambo ya sherehe ya vuli. Alisimama, akasema kamba ilikuwa kavu na mama aliifuta, hakuketi tena mpaka alipomaliza. Hakujitetea popote.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Hanyuda uso ulimbadilika. "Mimi nilimzomea yule mama mbele ya nchi nzima," akasema polepole. "Ulinisikia. Ukaniacha."

"Nilikusikia."

Hanyuda akachukua kofia yake akatoka. Alimaliza msimu wote wa baridi bila kumsalimia, na tatami zake mpya akaagiza kwingine.

Majira ya kuchipua simu ililia dukani kwa Katsuhiko. Ni Bi Orihara. Alisema wale wa kipindi, baada ya kupigiwa tena na tena na fundi mmoja msumbufu, wamempigia yeye kumwomba radhi na kumwita arudi kazini. Amekataa, magoti hayapandi tena ngazi. Lakini simu ile aliiweka sauti ya wote kusikia, na mkwe wake alikuwapo, akasikia.

"Asante, mama," Katsuhiko akasema.

"Sikupigi simu kwa ajili ya asante," akajibu, akakata.

Chizuru alimkuta bado ameshika simu. Akamuuliza kama amesamehewa. Akasema hakuthubutu kuuliza.