Gari la Turubai Lililosimama kwa Kila Mzee

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa. Usukani nikaambiwa nisiuguse. Bwana Misitu, Mwingereza aliyesimamia misitu ya Njombe enzi za mkoloni, alikuwa na gari la paa la turubai, lile linalokunjwa nyuma mpaka abiria wanabaki wazi kama wako kwenye mkokoteni. Nilisugua gari hilo miezi minane ndipo nikaruhusiwa kuliendesha. Ninyi mnaobonyeza kitufe gari likawaka hamjui hendeli, chuma tulichochomeka mbele na kukizungusha ili kuamsha injini. Ukizubaa, kinarudi na kukuvunja mkono. Turubai nalo nililipaka nta ya nyuki kwenye mikunjo lisipasuke kwa baridi. Gari liling'aa, nami nilijivuna kama baba mwenye binti mzuri.

Mwaka wa sita Bwana Misitu akaitwa kwao.

"Festo," aliniambia, "tafuta mnunuzi kabla ya Jumamosi. Ukimpata, nitamwandikia Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akupe udereva bomani. Usipompata, sina la kuandika."

Bila barua ile ningerudi kubandua magome ya miwati, kazi niliyoikimbia mikono ikiwa malengelenge matupu. Niliogopa, sifichi.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mlowezi mwenye shamba upande wa Kifanya. Alitaka kuona mwendo wa gari, tena paa likiwa wazi. Hapo ndipo nilipoharibu. Paa likifungwa, dereva ni sehemu ya gari. Hakuna anayemdai salamu. Likifunguliwa, wewe ni mtu aliyeketi mbele za watu, na kwetu Ubena mzee hapitwi kimya. Mzee wa kwanza tuliyemkuta alikuwa amebeba kuni. Nikasimama, nikavua kofia.

"Kamwene, baba!"

"Kamwene, mwanangu. Nyumbani hawajambo? Na ng'ombe je?"

Ng'ombe mmoja alikuwa mgonjwa, kwa hiyo maelezo yalikuwa marefu. Injini ikazimika. Nikashuka na hendeli. Mbele kidogo tukakuta akina mama watatu, na mmoja wao ni shangazi yangu. Maili mbili zilituchukua saa nzima.

"Gari hili lina ugonjwa gani?" mlowezi alifoka. "Linasimama kila penye mtu!"

"Gari ni zima, Bwana. Ni mimi."

Akashuka, akarudi kwa miguu. Hata wale aliowapita hakuwasalimu.

Ijumaa, Bwana Misitu akiwa amekwisha kufunga masanduku na hataki hata kunitazama, alikuja Mzee Salehe, mwenye duka la nguo Makambako. Kuendesha hakujui. Nilitaka kumpeleka kwake paa likiwa limefungwa, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Fungua!" alisema. "Nanunua gari au sanduku?"

Nikafungua huku nikisali. Njia nzima nilisimama, nikavua kofia, nikaulizwa ng'ombe. Nilimtazama kwa jicho la pembeni nikingoja matusi. Kumbe mwenzangu alikuwa akiitikia kunishinda, na kumtajia kila shangazi kaniki mpya zilizofika dukani kwake. Tulipokaribia Makambako, watu kumi na wawili walikuwa wakitufuata kwa miguu kwenda kuziona, wala hatukuwaacha nyuma.

"Nalichukua," alisema, "kwa masharti mawili. Wewe uje nalo. Na paa lisifungwe kamwe."

Barua ya bomani sikuiomba tena. Nilimwendesha Mzee Salehe miaka tisa, Makambako na Njombe, masika na kipupwe, maji yakiniingia shingoni na yeye ameshika mwavuli wake peke yake. Nta yangu yote ya nyuki ilikwenda bure. Kikohozi hiki mnachokisikia kilianzia pale, lakini nilikuwa na furaha, na mikono yangu haikugusa tena gome la mwati.

Sasa nimestaafu. Juzi mjukuu wangu Neema alinichukua kwa gari lake kwenda Uwemba, vioo vyote vimefungwa. Mbele yetu, kando ya njia, nikamwona mzee mwenzangu anatembea. Nikamwambia Neema asimame, ashushe kioo.

"Babu, mvua inanyesha!"

"Naiona," nilisema. "Shusha, tumuulize ng'ombe."